Koito Yangu na Watoto Ambao Sikuwaambia

Nakumbuka siku moja kuliko zote, mwanangu, na si siku niliyobatizwa. Ni Jumamosi ya mwezi wa Agosti, asubuhi mvua imenyesha, na nyumbani kwa baba yangu kumejaa wazee wamevaa makoti. Ilikuwa koito yangu, siku ambayo pande mbili zinakaa kuzungumza mahari. Upande wa bwana walikuja watatu tu: Mholanzi mwenyewe, dereva wake, na pasta tuliyemwazima, maana mtu hawezi kuja koito bila mzee, na wazee wake walikuwa kwao Ulaya.

Huyo Mholanzi aliletwa kutengeneza mashine za kukausha majani chai kiwandani. Jina lake Hengi, lakini wazee walimpa jina Kipruto, ambalo kwetu ni la mtu aliyezaliwa safarini. Alikuwa mpole. Ugali alikuwa anakula na kijiko, lakini hiyo si dhambi. Nilimpenda, nakwambia ukweli, na meno yenyewe yamekwisha, nitaona haya ya nini.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na watoto wawili wa nyumbani. Unajua kwetu, msichana akizalia nyumbani, watoto ni wa boma la baba yake. Chelimo alikuwa na kumi na tano, Kiprono kumi na tatu. Baba yangu, ambaye watoto walimwita Kugo, yaani babu, ndiye aliyewapa majina, na wakikosea shuleni ndiye aliyeitwa.

Sasa sikia kosa langu. Habari ya kwenda Ulaya nilikuwa nimeambia watu wote: akina mama tuliokuwa tunachuma nao, karani wa pale tunapopimia majani, kanisa, mpaka shangazi yangu wa Sigor, ambaye hawezi kushika neno kutoka mlangoni mpaka kwa kuku. Watoto wangu sikuwaambia. Nililelewa hivyo, kwamba mzazi hazungumzi ndoa yake na mtoto. Mtoto anaona wageni, anaona chai imetiwa maziwa mengi, anaelewa. Kama haelewi, shangazi atamwambia. Na shangazi naye akafikiri mimi nimesema. Picha za paspoti tulikuwa tumepiga. Niliwaambia ni za shule.

Basi wazee wakamaliza mambo ya ng'ombe, ikabaki kutupaka siagi kichwani, ndiyo neno limefungwa. Baba akachukua siagi kwa vidole. Halafu akasimama hivi, akamwita Chelimo, aliyekuwa anakusanya vikombe.

"Chelimo, umekubali kwenda na mama yako huko?"

"Huko wapi, Kugo?"

"Kwa Kipruto. Ulaya."

"Si huyu ndiye anahamia hapa? Kiprono ameshamfagilia stoo ya mahindi."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mzungu na panya, mtamkuta ameoa panya." Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu Chelimo alikuwa anaweka vikombe chini, kimoja kimoja, bila sauti. Akatoka kwa mlango wa jikoni, na Kiprono nyuma yake.

Baba akarudisha siagi kwenye kibuyu, akapangusa vidole. "Mama," akasema. Akiwa na hasira sana ndivyo alivyoniita. "Hata ng'ombe wa kuuzwa soko la Mulot tunamtoa mchana, akiona njia. Wewe watoto wa boma langu unataka kuwatoa namna gani? Enda uwaambie. Mgeni atangoja, si amezoea kungoja mashine."

Nikatoka na nguo yangu ya koito mpaka ndani ya majani chai. Chelimo alikuwa anachuma, na Jumamosi hiyo hata hatukuwa tunapeleka majani. Anang'oa machanga, anang'oa magumu, yote. Nikasema niliyoyasema. Sikumbuki vizuri, nilianza na theluji, nikaenda kwa masweta, nikarudi kwa Mungu.

Kiprono akaniuliza, "Na mimi nitatahiriwa na nani?"

Wenzake wa rika walikuwa wanaingia jandoni Desemba. Mimi nilikuwa nimewaza masweta.

Nikasema, "Basi mnataka nibaki?"

"Usituulize hiyo," Chelimo akasema. "Hiyo ni ya kutufanya sisi wabaya. Tuulize sisi tunataka nini."

Siagi haikupakwa siku hiyo. Kipruto alikula sahani tatu, akarudi kiwandani, akangoja. Tulipakwa baada ya Kiprono kutoka jandoni na rika lake, ndipo tukaenda Ulaya, mimi na watoto wote wawili. Chelimo alikaa huko miaka miwili, akasema inatosha, akarudi kwa Kugo kumaliza shule. Kiprono akabaki, akaoa huko, na watoto wake wananiita jina ambalo siwezi kulitamka. Hengi alikufa, nikarudi hapa. Watu wananiuliza kama nilifanya vizuri. Asubuhi nasema ndiyo, jioni nasema hapana. Niliwapa baba mzuri. Niliwagawanya pia. Ni mambo mawili na yote ni kweli, na mimi sikusoma, siwezi kuyajumlisha.

Lakini hili moja najua. Wewe uliyempata mtu wako kwa simu na unajaza fomu za viza, waambie watoto kwanza, kabla ya pasta, kabla ya shangazi. Usimtume mtu. Usiwaombe ruhusa, maana huo ni mzigo wako na utakuwa umewabebesha wao. Waulize ni kitu gani kwao kitakatika katikati, rika au mtihani au rafiki, na kinachoweza kungojwa, kingoje. Mwanamume asiyeweza kungoja miezi mitano hatakungoja huko kwenye baridi. Na mmoja akitaka kurudi, mnunulie tiketi bila kulia mbele yake. Ulilie chooni, mimi ndivyo nilivyofanya.

Mungu akupe nyumba yenye moto huko uendako. Watoto wako wakiulizwa wanaenda wapi, wawe na jibu mdomoni, na hilo jibu wawe wamelisikia kwako. Nenda salama, mwanangu, na watakaobaki wabaki salama.