Kibuyu Kilichomjua Chebet Peke Yake

Hata leo nikikutana na mtu wa Eldoret wa siku zile huniuliza kama nimepata kibuyu kingine, nami hujifanya nimeona rafiki ng'ambo ya barabara, kwa sababu aibu ile haijanitoka na sidhani itanitoka.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala kwa gari la moshi na diploma yangu ya ualimu (niliitia fremu nikaitundika juu ya ubao, ili kila anayetazama hesabu aione kwanza), mimi mtoto wa kibarua niliyejilipia karo kwa kuuza mayai, na katika shule yetu ya misheni iliyozungukwa na mashamba ya Wazungu hakukuwa na mwalimu mwingine aliyeweza kueleza nasibu ni nini. Nikaamua kuifundisha kwa vitendo. Nikawaambia wanafunzi kwamba kila Jumatatu atachaguliwa mmoja wa kuteka maji ya shule wiki nzima, na wa kuchagua si mimi, ni nasibu, ambayo haina rafiki, haina adui, wala haikumbuki ya jana.

Majina thelathini niliyaandika kwenye vipande vya karatasi ya daftari. La mwisho lilikuwa la Chebet, na kwa kuwa karatasi ilikwisha, nikaliandika kwenye kipande kigumu cha boksi la chaki. Kofia ingetosha kabisa kwa kazi ile, lakini nilitaka elimu yangu ivae nguo za nyumbani, basi nikaazima kibuyu cha maziwa kwa Mama Tabitha, jirani wa shule, kizuri, chenye shanga shingoni. Natikisa, nainamisha, jina linalodondoka kwanza ndilo, kisha nalirudisha.

Jumatatu ya kwanza, Chebet. Ya pili, Chebet. Nikafurahi kweli (Mungu anisamehe), nikaeleza kwamba jina kurudi si ajabu, ndiyo tabia ya nasibu. Ya tatu, Chebet. Ya nne akaja baba yake, Mzee Koros, aliyekuwa akilima na plau ya ng'ombe kwa Mzungu, pamoja na mzee mmoja wa kanisa.

"Mwalimu, mtoto wangu anakosa hesabu akiwa mtoni. Kama shule ni kubeba debe, hata nyumbani debe liko. Leo namtoa."

Na Chebet ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa! Nilitaka kumsihi, lakini diploma ikajibu kabla yangu: "Mzee, hapa hakuna upendeleo. Tazama mwenyewe." Nikakunja mikono ya shati, nikatikisa mbele ya wote, nikainamisha.

Chebet.

"Ai, hiki kibuyu kimemposa!" akasema mzee wa kanisa, na darasa zima likaangua kicheko. Mzee Koros hakucheka. Alimshika binti yake mkono wakaanza kutoka.

Mlangoni Chebet akageuka. "Mwalimu, ukitikisa mimi nasikia kipande kimoja tu. Hao wengine wako wapi?"

Akarudi, akachukua kijiti, akakichokonoa kibuyu. Karatasi zikatoka moja moja, nyeusi tii, zimelowa mafuta, zote ishirini na tisa. Mama Tabitha, aliyevutwa na kelele, akashika kiuno: "Mwalimu, si ungeuliza? Siku ile uliyokiazima nilikuwa nimekipaka masizi ndani ili maziwa yasiharibike, na mafuta ya maziwa yamejaa humo. Karatasi laini ingebanduka vipi?"

Hilo Kampala hawakunifundisha.

Mzee Koros aliokota karatasi moja, akaigeuzageuza. "Atabaki," akasema. "Lakini wiki tatu zake utazirudisha wewe, huko mtoni."

Nikazirudisha, debe kichwani na tai shingoni, watoto wakinihesabia hatua. Tangu hapo nimeapa: simwambii mwanafunzi kwamba jambo ni la nasibu kabla sijatazama ndani ya chombo, na jibu likija lilelile mara tatu, naacha kuhubiri nasikiliza.