Damu yangu iko upande wa wasioumwa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Babati ni ndogo na mdogo wangu anausoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Maisaka, nina duka la vitenge sokoni. Ni mtu wa maneno makali, nikiri mapema. Mdogo wangu ameolewa Sigino. Tangu ajifungue mtoto wa pili anaumwa sonona. Kuna siku hanyanyuki kitandani, hata kusonga ugali kunamshinda, na mama mkwe wake anamwita mvivu mbele ya majirani. Mimi nami nilikuwa namfokea, "Jikaze! Mbona mimi najikaza?"

Na kweli nilikuwa najikaza. Miezi mingi sasa, nikifika nyumbani najifungia bafuni, nafungulia maji ili wasinisikie, nalia bila kujua nalilia nini. Chakula hakina ladha. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Mwezi uliopita watafiti walikuja hospitali anakotibiwa. Walieleza kwamba sonona haina kipimo cha damu kama malaria. Wanatafuta kitu ndani ya damu kitakachoionyesha, na kitakachowasaidia kujua dawa ilenge wapi. Wakaomba ndugu wa tumbo moja, mmoja anaumwa na mwingine haumwi, walinganishe damu zao. Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, twende. Wakiona damu yangu ina tofauti na yako, mama mkwe ataamini kweli naumwa."

Tulipofika, nesi wa watafiti alimwomba mdogo wangu atupishe kwanza ili anihoji. Nikajibu kwa kiburi changu, "Mwache akae, sisi hatuna siri."

"Haya, mama. Huwa unakosa raha? Usingizi unapata?"

Kabla sijafungua mdomo mdogo wangu akacheka, "Huyu? Huyu ni chuma!" Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajifungue. Nikasema niko salama kabisa, nikakunja mkono wa gauni, wakachukua damu.

Tangu siku hiyo sina amani. Nimewadanganya watu wanaotafuta dawa ya ugonjwa unaonitafuna mimi mwenyewe. Wasipoona tofauti, mama mkwe atapata la kusema, na mimi ndiye nitakuwa nimemtafutia. Wiki ijayo wanarudi kuchukua damu tena. Nikisema ukweli, naogopa mdogo wangu atavunjika moyo, maana ameniegemea mimi tu.

Jana alipita dukani, amechana nywele, amembeba mtoto. Akaniambia, "Dada, nikipona nataka niwe kama wewe." Nikajifanya nakunja vitenge.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza nishaurini. Mdogo wangu anasubiri apone ili awe kama mimi. Nitamwambiaje kwamba tayari yuko kama mimi?