Kichwa Nilichomnyima Baba

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ni siku ambayo watoto wa baba walinyolewa kwa ajili yake, nami nikakataa. Heri uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Enzi hizo miwa ilikuwa inalipa vizuri, na mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha sukari. Kijana, suti safi, viatu vya kung'aa, lakini nywele za mbele zilikuwa zimenihama. Wakata miwa walinitania, "Karani, hapo nzi akitua anateleza!" Nilicheka nao, nikifika nyumbani nalia. Basi nikaenda Nairobi kwa daktari wa kuhamisha nywele. Alizitoa kisogoni akazipanda mbele moja moja, kama vipando vya miwa. Akaniagiza mwezi mzima nisijikune, nisikae juani, wembe usiniguse. Alisema na mengine, ila nilishika yale niliyotaka kuyashika.

Nilirudi uso umevimba, kichwa kimejaa magamba ya vidonda. Nililala nimeketi. Walipochoma shamba la miwa kabla ya kuvuna nilifunga madirisha, majivu yasiniangukie. Baba alikuwa mgonjwa kule Khayega, akatuma watu mara mbili niende. Nikasema nitakwenda nikipona, asinione hivi. Wiki ya pili akafa.

Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko, watoto hunyolewa, na wembe huanza kwa kifungua mimba. Kifungua mimba ni mimi. Senje, dada yake baba, akaja na beseni la maji.

"Vua kofia, mwanangu."

"Senje, siwezi. Daktari amekataza."

Akaivua mwenyewe, akaona. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole, "Ulipokuwa na upele hapa hapa, baba yako alikuwa anakuoshanga kwa mikono yake. Hakukuonea haya. Leo wewe unamwonea haya?"

Wadogo zangu walikuwa wameketi wakingoja, na hakuna aliyeweza kunyolewa kabla yangu. Mama alinitazama. Nikachukua kofia nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia Senje akimwita Makokha, wa pili, aje aanze yeye.

Wiki moja baadaye niliamka nikakuta nywele kwenye mto wa kulalia, zile zile zilizopandwa, zimejaa kwenye foronya. Nikapanda basi mbio hadi kwa daktari. Akacheka. "Si nilikwambia zitaanguka kwanza, mizizi ibaki, ndipo ziote upya?" Lo! Kumbe nywele nilizomnyima baba zilikuwa za kuanguka tu. Nililia pale kwenye kiti chake hadi akaacha kucheka.

Zikaota kweli, ndizo hizi nyeupe unazoziona. Nilimrudia Senje nikiwa na wembe mkononi. Akanishika kichwa, akasema, "Siku ya baba yako ilishapita, mwanangu." Tangu hapo, kila tunapofiwa, wembe huanza kwa Makokha. Mwacha mila ni mtumwa, nami utumwa wangu nauchana kila asubuhi.

Sikukatazi kutengeneza kichwa chako, kitengeneze. Lakini mzazi akikuita, nenda na uvimbe wako, nenda na magamba yako. Aliyekuosha ukiwa mchanga hashangai kidonda chako. Usingoje upendeze ndipo uende kwenu, kwa maana majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakui akahama.

Mungu akupe nywele za kuchana, mwanangu, na kichwa kinachojua kuinama.