Nilivyowapikia Watoto wa Wengine

Wale waliosoma pale, sasa wengine ni wazee wa vipara, wakinikuta mjini Nyeri hunisimamisha na kuniuliza historia ya shule. Wanataka kujua ni padri yupi aliyeweka jiwe la kwanza, na kile kikombe cha mpira kililetwaje kutoka uwanja wa Ruring'u. Hayo siyajui vizuri. Mimi sikusoma, niliachia darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi wa baba. Ile shule naijua kutoka upande wa moshi. Nilikuwa mpishi.

Nilianza kwa kubeba mawe. Mapadri, Waitaliano, walikuwa wakijenga bweni la pili, na sisi tulitoa mawe mtoni, tukiyapandisha kilima kwa mabega. Mpishi aliyekuwako akaugua kifua, naye Bruda aliyesimamia ujenzi akanitazama, akaona mikono yangu ni mirefu, akanikabidhi mwiko. Ulikuwa mwiko wa kupikia watu wengi, mtu anaweza kuutembelea kama fimbo. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Mtu wa kwetu ataelewa kwa nini sikumwambia mama yangu. Kwa Mgikuyu mafiga ni ya mwanamke. Mwanamume hukaa kwenye nyumba yake, chakula kikamfuata huko, na akionekana ameinama juu ya chungu watu huuliza kama mke wake amekufa. Kwa hivyo nyumbani nilisema nafanya kazi misheni, nikaachia hapo. Hata mke wangu, nilipooa, aliwaambia majirani hivyo hivyo. Misheni ni kubwa, acha wafikirie wanavyotaka.

Uhuru ulinikuta nikikoroga uji. Wavulana walipangwa mbele ya bendera mpya, walimu wakavaa tai, na mimi nikasikia wimbo kupitia dirisha kwa sababu uji ukiachwa unashika chini, uhuru au si uhuru. Baadaye kidogo serikali ilikata shamba la mzungu mmoja huko Endarasha, na sisi ambao hatukuwa na mahali tukapata kipande. Mke wangu akahamia huko na watoto. Baridi ya Endarasha haina adabu, ati hata viazi huungua kwa barafu vikiwa shambani. Nilimwambia nitakuwa shuleni mpaka nyumba iezekwe mabati. Mabati yakaezekwa. Nikamwambia mpaka watoto wamalize shule.

Siwezi kusema nilifungwa kamba. Nilipenda pale. Saa ya chakula wavulana walisimama mbele yangu na sahani, kila mmoja na uongo wake. Mmoja wa kutoka Kutus aliapa mama yake ni dada yangu wa toka nitoke, ili nimwongezee nyama. Aliyekuwa nyuma yake, Mmeru kabisa, hata hakujisumbua kutafuta uongo mwingine.

"Mzee, na mimi ni wa dada huyo huyo."

Nikamwongezea. Wote niliwaongezea. Wengine walikuja wembamba, shingo kama ya kuku aliyenyeshewa, na nikawaona wakijaa mashavu muhula kwa muhula. Hiyo ni raha, sijui kama mwalimu anaipata.

Lakini shule ikifungwa, hapo ndipo ungejua maana ya ukimya. Asubuhi malori na mabasi yamechukua masanduku yote, mchana unasikia kunguru wakitembea juu ya mabati ya bwalo. Ningeweza kwenda nyumbani wakati huo. Ila mapadri walibaki, na mapadri hula kama watu wengine. Nilienda siku chache tu, nikarudi. Krismasi nyingi nilizipitisha na wazungu watatu kwenye meza ya watu mia, kila mmoja ameketi mbali na mwenzake.

Kwao kuna ugali wa manjano, laini kuliko wetu, unaokorogwa mpaka bega linakuomba msamaha. Bruda alinifundisha. Mwaka mmoja Bruda hakuwako tena, na padri mmoja alikuwa amehamishiwa upande wa Meru, kwa hivyo siku ya Krismasi alibaki padri mzee peke yake, yule aliyekuwa hedimasta kabla ya hedimasta wetu Mwafrika wa kwanza. Nilimpelekea ule ugali mezani. Baada ya muda nikamwona anaingia jikoni ameshika sahani yake, akaketi juu ya gunia la maharagwe. Tukala. Akaniuliza kama mke wangu yu hai. Nikasema yu hai, yuko Endarasha. Akaniuliza mbona basi niko hapa, nikamjibu kwamba nikienda yeye atapikiwa na nani.

Akatafuna polepole, halafu akasema, "Mimi niliapa nisiwe na nyumba. Wewe ulimwapia nani?"

Nikamwongezea ugali.

Alipougua walimpeleka kwao. Wavulana walikuwa darasani, gari likatoka nyuma, karibu na rundo la kuni, na mimi nilisimama hapo na aproni yangu. Alinipungia mkono kama mtu anayeenda sokoni. Chumba chake kikafagiliwa kikawa stoo ya vitabu. Baada yake mambo yaligeuka, wavulana wakawa wengi, wakawa wakali, na siku moja walimwaga githeri yote, mahindi na maharagwe, mlangoni kwangu wakisema haina mafuta. Niliifagia na jembe. Sikuwachukia, lakini nilitafuta uso hata mmoja wa kuniambia pole, na wote walikuwa wakitazama viatu. Basi nikaomba niachwe niende nyumbani.

Nilitaka jambo moja tu: kuwa mtu wa nyumba ile kabla sijafa. Nilifikiri ni kufika na kukaa.

Nilipokewa vizuri sana, na hapo ndipo palikuwa na shida. Nilipewa kikombe kizuri, chai ya maziwa mengi. Wakwe zangu, wake za wanangu, waliokuwa wakicheka jikoni walinyamaza nilipopita. Wiki ya kwanza ikaisha, mke wangu akaniuliza kwa upole nitarudi shuleni lini, halafu akakumbuka, akatazama pembeni. Walijua ng'ombe yupi hupiga teke, mto unafurika wapi, jirani gani hasalimiwi. Mimi nilijua watoto wa watu walipenda supu nzito. Jioni nilikula kwenye nyumba yangu peke yangu, nikiwasikia wakizungumza ng'ambo ya ua.

Wakati wa mvua ndefu mke wangu akaangushwa na homa ya mapafu. Wakwe walikuwa wameenda kwenye matanga. Nikaingia jikoni. Nilipika githeri ya kuponda, laini, na kwa sababu sijawahi kupika kidogo maishani, nilijaza ile sufuria ya harusi. Jirani alichungulia, akaona mzee ndani ya moshi, na naamini habari ilifika Mweiga kabla githeri haijaiva.

Nilimlisha. Alikula nusu ya bakuli, akapumzika, akaomba nyingine. Kisha akalitazama bakuli muda mrefu.

"Kumbe wale vijana walikula hivi," akasema. "Ule mwaka mvua ilikataa, mimi niliwachemshia hawa wetu majani ya kiwavi, yale yanayowasha."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Aligeukia ukuta akalala, na mimi nikabaki na chakula cha kulisha bweni zima.

Alipona. Siku aliyorudi jikoni nilikuwa nimesimama karibu na mlango, sikujua kama niingie au niende zangu. Alikuwa anawasha moto, akaupuliza, hakugeuka.

"Baba watoto, usisimame tu hapo unazuia mwanga. Menya viazi."

Nikaketi nikamenya. Jinsi nilivyozoea, haraka, gunia mbele na gunia nyuma. Baadaye akainama, akaokota ganda moja, akaliinua kwenye mwanga wa mlango.

"Tazama unene huu. Unamenya kama mtu ambaye viazi si vyake."

Nikachukua kingine. Safari hii nilikwenda polepole, kisu juu juu.