Mwana Hiti Horini

Nyie, leo Noeli nimemshuku mama yangu mzazi, na bado namshuku!

Asubuhi nimekuta mwana hiti chini ya mkeka wa binti yangu.
Ndiyo, kile kisanamu anachopewa mwali akiwekwa ndani. Gunzi la mahindi, shanga kiunoni, nywele utosini.
Na binti mwenyewe ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto!

Nikapanda mlima mbio hadi kwa mama. Tangu tubatizwe, hana raha na sisi.
"Shikamoo mama. Mwanangu unamweka ndani lini?"
"Marahaba. Umeota?"
Akaendelea kumenya ndizi. Hata kunitazama hakunitazama.

Kumbe sista aliwaambia watoto kila mmoja atengeneze zawadi ya Mtoto Yesu. Nimeyajua hayo kanisani, binti keshakipeleka kisanamu mbele.
"Nimeiga cha yule dada wa jirani aliyewekwa ndani," akaninong'oneza. "Shanga kanipa bibi."
Mnaona?

Padre wetu wa Kijerumani akakiinua juu. "Mtoto mzuri sana!" Akakilaza horini, pale pale pa Yesu.
Wanawake wote tukainamisha macho.

Mara vigelegele mlangoni, vile vile vya kumtoa mwali nje.
Mama! Hajawahi kukanyaga kanisani.

Padre akatabasamu, akadhani anashangiliwa Yesu.

Nani atamwambia? Mimi simo.