Mlango wa Juu wa Maktaba

Marehemu mume wangu, Asanasio Baluku, hakuuza nondo. Naanza na hilo kwa sababu hapa Bwera watu huanza na hilo, kisha ndipo husalimiana. Wanasema nondo za ngazi ya maktaba zilivushwa mpakani Mpondwe zikaishia Kongo, na ndiyo maana mlango wa ghorofa ya juu ulibaki unafunguka hewani. Wengine wanasema alikuwa amelewa. Mume wangu alikunywa soda, tena moja, siku ya Krismasi.

Alizaliwa Karambi, mtoto wa kwanza wa kiume. Kwetu Bakonzo mvulana wa kwanza huitwa Baluku, awe wa tajiri au wa mchunga mbuzi, wala hakuna anayeulizwa maoni. Kazi alianzia Katwe, akitengeneza kingo za udongo zinazogawa mashamba ya chumvi. Huko maji ndiyo yaliyomfundisha usawa, kwa sababu ukingo ukiinama upana wa kidole kimoja, chumvi yako inakwenda kwa jirani. Mimi nilisoma kumzidi. Nilikuwa katibu wa chuo cha walimu kule kilimani, na nilipotaka kuolewa naye, shangazi zangu waliuliza fundi huyo ana cheti gani. Niliwajibu kwamba ana pima maji ya kupimia usawa.

Majengo ya chuo yalikuwa ya kawaida: madarasa marefu ya matofali, na bwalo lenye mwangwi mkubwa hivi kwamba sala ya chakula ilisikika mara mbili. Kisha akaja Bwana Ssali, msanifu majengo kutoka Kampala, na michoro ya maktaba ya duara. Ukuta wa saruji tupu, bila plasta wala rangi. Badala ya madirisha makubwa, mapezi membamba ya saruji yaliyosimama wima ili jua lisiguse vitabu. Nje, ngazi moja izunguke ukuta kutoka chini hadi mlango wa juu, bila nguzo hata moja. Mchungaji alikuja kutazama, akauliza ukuta utamalizika lini. Akaambiwa umemalizika. Akasema atatuombea.

Nililizoea jengo lile polepole. Asubuhi mapezi hutupa vivuli sakafuni kama mistari ya daftari, na ukikaa upande wa magharibi unaona hadi ng'ambo ya mto Lhubiriha. Nalipenda kuliko kanisa letu, na kanisa letu nalipenda.

Asanasio ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa maktaba. Ngazi ile ilimchukua wiki saba za mbao na nondo kabla saruji haijamwagwa. Alipoondoa mbao, alipanda na bilauri ya maji, akaiweka juu ya kila kidato na kutazama maji yamelala vipi. Akashuka, akala chakula chake. Sikuona sherehe nyingine.

Upande wa pili wa kiwanja, Yeseri Baluku alikuwa akijenga bweni la wasichana. Ngazi yake ilikuwa na vidato vitatu virefu kuliko vingine, hata mtu akishuka anapiga magoti bila kukusudia. Bwana Ssali aliiona siku ya Ijumaa, akarudi Kampala anawaza. Jumatatu akapiga simu ofisini akiwa njiani, mtandao ukikatika kila kona.

"Mwambie Baluku avunje ile ngazi leo hii, kabla saruji haijakomaa zaidi," alisema, kisha simu ikafa.

Kwenye kiwanja kile kulikuwa na Baluku saba. Kwangu alikuwapo mmoja.

Niliandika ujumbe kwenye karatasi ya chuo, kwa mwandiko mzuri, nikampelekea Asanasio mimi mwenyewe. Aliusoma mara mbili.

"Ngazi yangu ina kosa gani, Madamu?" Aliniita Madamu kazini, na nyumbani pia akiudhika.

"Hakusema. Amesema leo hii."

"Amesema Baluku?"

"Amesema Baluku."

Aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akachukua nyundo kubwa. Saruji yake ilikataa kuvunjika. Ilimchukua siku mbili. Yeseri alikuja kuegemea toroli.

"Weye Baluku, unavunja nyumba ya nani?"

"Nimeandikiwa."

"Mimi naona ngazi yako iko muzuri kushinda yangu."

"Basi omba na yako ivunjwe."

"Yangu? Yangu inavunja watu yenyewe, haina haja ya nyundo!"

Vibarua wote walicheka. Asanasio aliendelea kupiga.

Alhamisi Bwana Ssali akafika. Alisimama muda mrefu mbele ya rundo la vipande, miwani mkononi.

"Nani alikuambia uvunje hii? Nilisema ya bweni!"

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, nami nilikuwa nimeketi hapo. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Asanasio aligusa mfuko wa shati lake.

"Nilielewa vibaya, bwana."

"Ulielewa vibaya? Ngazi nzima?"

"Nzima."

Ngazi ya Yeseri nayo ikavunjwa siku hiyohiyo. Saruji na nondo zilizobaki zilitosha ngazi moja, ikapewa bweni, kwa kuwa wasichana hawawezi kulala uwanjani. Maktaba ikafunguliwa na ngazi yake nyembamba ya ndani tu. Nondo zilizokunjamana zilifukiwa kando ya uwanja wa mpira wa pete, na mwenye shaka aende na jembe. Ripoti ya kazi iliandika: kosa la fundi mkuu. Niliichapa mimi.

Asanasio alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu chuo kimeweka ngazi mpya ya chuma nje ya maktaba, na bamba la majina ya waliojenga maktaba na bweni. Mkuu wa chuo, Naome Kansiime, aliniita ofisini kwake.

"Mama, jina la mzee tumeliacha. Kamati imeona litazua maneno."

"Na Yeseri?"

"Yeseri yumo."

Nilimwekea mezani ile karatasi. Niliikuta baada ya mazishi, ndani ya ala ya pima maji yake. Aliisoma, kisha nikamsimulia Jumatatu ile.

"Mwandiko huu ni wa nani, Mama?"

"Wangu. Simu niliipokea mimi, na sikuuliza ni Baluku yupi. Liandike hilo kwenye kumbukumbu za kamati. Na jina lake liwe juu ya la Yeseri. Yeye ndiye aliyetangulia kuanza kazi."

Aliisoma tena. "Miaka yote hii alijua? Kwa nini hakusema?"

Bamba limewekwa. Jina la Asanasio ni la pili, chini ya la Bwana Ssali, na herufi zimenyooka. Nimekwenda kulitazama mara mbili, mara ya pili na pima maji.

Wako wanaotaka kujua aliniambia nini Alhamisi ile aliporudi nyumbani, nami nilimjibu nini. Nawajibu nilivyomjibu mkuu wa chuo: hilo lilikuwa kati yangu na mume wangu, halimo kwenye kumbukumbu za kamati, na humu haliingii. Sisemi.