Kombe Moja Tu

Kwenye dirisha langu hapa Kisoko pana chupa ya jamu ambayo mtu haruhusiwi kuigusa. Binti yangu aliijaza akiwa darasa la tano, darasa nililolifundisha mwenyewe. Tulichota maji mekundu ya mto Malaba baada ya mvua, tukaitikisa chupa, tukaiacha. Changarawe ilitua kwanza, ukafuata mchanga, na lile tope laini likachukua siku mbili nzima.

Nikawaambia watoto kwamba mashapo hujipanga hivyo hivyo. Mvua inamega kilima, mto unabeba, na maji yakipunguza mwendo yanatua mzigo, kizito kwanza. Tabaka jipya linalalia la zamani na kulikamua maji, kisha chokaa au kutu inagandisha punje. Mchanga unakuwa jiwe la mchanga. Tope linakuwa jiwe linalobanduka vipande vipande. Na makombe ya viumbe wa baharini yakirundikana, yanakuwa jiwe la chokaa.

“Kama lile pale,” nikasema, nikionyesha Mlima Tororo kule mbali. “Hapa palikuwa bahari.” Nilisema hivyo miaka yote ya kazi yangu, na nilipenda jinsi watoto walivyonyamaza.

Mke wangu alikuwa Msamia wa Busia, mimi Mjopadhola, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili cha mpakani. Ndicho alichotumia binti yetu siku ya kuanua matanga ya mama yake. Alikuwa amemaliza chuo, alikosomea miamba kwa sababu ya chupa ile ile. Nyumba ilijaa watu, na mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani akaitaja bahari yangu.

“Baba, hii jiwe ya Tororo haikutoka bahari,” binti yangu akasema. “Ilitoka chini, kwa moto. Ni volkano ya zamani.”

Nilikwenda jikoni nikaleta limau. Nikasaga kipande cha jiwe la mlimani, nikakikamulia. Unga ukatoa povu.

“Umeona? Chokaa!”

“Chokaa iko, Baba. Hata ya moto inatoa povu. Nionyeshe kombe moja tu.”

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya wote kwamba shule imemfundisha kumdharau baba yake, na asikanyage tena hapa mpaka aje kuomba msamaha. Asubuhi alikuwa ameshaondoka. Miaka minne hakurudi.

Miaka hiyo yote, kila Jumamosi, nilikwenda Tororo kutafuta kombe. Wapondaji kokoto walinizoea.

“Mwalimu, leo umepata?”

“Bado.”

Nilibeba mawe nyumbani nikayavunja barazani. Jioni nilipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki. Upweke ulinila, sina haja ya kuficha. Na moyoni nilijua kombe halipo. Nilichotaka ni sababu ya kumpigia simu bila kukubali kwamba nilikosea.

Juzi mpini wa nyundo ulivunjika. Nikakaa chini katikati ya vile vifusi nikalia, mzee mzima. Kisha nikapiga simu.

“Hakuna kombe,” nikasema, hata salamu nimesahau. “Nimevunja mawe mpaka nyundo imekufa. Ulisema kweli, mwanangu. Nisamehe.”



“Baba, ile chupa bado iko?”

“Iko. Maji yalikauka, lakini tabaka zimebaki vile vile.”

“Mimi sasa nafundisha,” akasema. “Siku ya kwanza ya mashapo naambia wanafunzi habari ya hiyo chupa. Nawaambia baba yangu ndiye alinionyesha.”

“Hata baada ya yale niliyokwambia?”

“Kila mwaka, Baba.”

Niligeuka kuitazama chupa dirishani. Miguuni pangu mawe yalikuwa yamejaa baraza nzima.